Gasketi au Silikoni? Vidokezo 7 Kabla Hujafunga Injini

Injini imeshushwa, bloku imeoshwa, ringi na beringi mpya ziko mezani, na fundi anakuuliza: "Bosi, hapa tutafute gasketi au tupige silikoni tu?" Usikimbilie kusema "yoyote tu." Uwe unafunga mwenyewe au unamsimamia fundi, haya yatakuokolea pesa.

1. Kiwanda kilishaamua, we chungulia tu

Kabla hujakwangua chochote, toa simu upige picha. Kulikuwa na gasketi pale, au mstari wa silikoni? Hapo umeshapata nusu ya jibu. Chukua 1NZ-FE, ile injini ya IST, Vitz na Probox: taiming kava na sampu zinatoka kiwandani zimefungwa kwa silikoni, wakati tapeti kava ina gasketi ya mpira. Sasa kuna haja gani ya kuzunguka Kariakoo juani kutafuta gasketi ambayo kiwanda hakikuiweka?

2. Kwenye hedi, hakuna mjadala

Gasketi ya hedi inazuia moto wa silinda, maji na oili kwa wakati mmoja. Silikoni haiwezi kazi hiyo. Nunua mpya, hata kama ya zamani inaonekana nzima. Zile za tabaka za chuma zinakuja na utando wake tayari, kwa hiyo ziweke kavu, bila kupaka kitu juu "kwa usalama zaidi." Kabla ya kuiweka, laza rula ya chuma iliyonyooka juu ya hedi na upitishe fila geji chini yake. Kwa injini nyingi ndogo za petroli, kipimo cha milimita 0.05 kikipita, anza kufikiria kuipeleka hedi ikasawazishwe kwenye mashine. Mwongozo wa injini yako ndio wenye neno la mwisho. Bolti zikazwe kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua.

3. Unene wa gasketi una kazi yake

Hiki wengi hukisahau, hasa kwenye bodaboda. Gasketi ya chini ya silinda haizuii oili tu, inaweka pia urefu wa silinda. Ukiitoa na kupaka silikoni, silinda inashuka, pistoni inasogelea hedi na valvu. Mahali ambapo kiwanda kiliweka karatasi, rudisha karatasi ya unene uleule. Hutaki pistoni na valvu zisalimiane!

4. Silikoni kidogo, tafadhali

Hapa ndipo injini nyingi zilizofungwa vizuri zinapoharibika, kwa hiyo tulia kidogo nami. Ukikaza sampu ukaona silikoni imetokeza nje kama krimu ya keki, ujue nyingine imetokeza ndani, na hiyo huioni. Oili ya moto inailegeza, kipande kinabanduka, kinadondoka kwenye sampu, kisha pampu inakivuta hadi kwenye chujio lake. Oili inakosa njia. Taa nyekundu inawaka kwenye dashibodi, beringi zinaanza kugonga, na injini mpya inarudi chini kwa sababu ya kipande cha mpira kidogo kuliko ukucha.

Mstari wa milimita 3 hivi unatosha sehemu nyingi. Uwe mmoja, usiokatika, upite upande wa ndani wa matundu ya bolti au uyazunguke. Na usiusambaze kwa kidole! Kata ncha ya tyubu ndogo, mkono wenyewe utakuwa na adabu.

5. Si kila tyubu ni ya injini

Silikoni ya bafuni yenye harufu kali ya siki iache bafuni: asidi yake inakula chuma, na mvuke wa silikoni za namna hiyo unaweza kuharibu sensa ya oksijeni. Tafuta tyubu iliyoandikwa kwamba ni salama kwa sensa na inahimili oili, au maji ya rejeta, kulingana na mahali unapoziba. Kwenye kabureta na njia za petroli usiiweke kabisa, petroli inaivimbisha na kuilegeza.

6. Mara nyingine ni vyote viwili

Angalia kona ambapo taiming kava inakutana na hedi. Juu yake inapita gasketi ya mpira ya tapeti kava, na pale kwenye maungio pana kijinafasi. Tone moja la silikoni kila kona, kisha gasketi juu yake. Sehemu nyingine zote za gasketi hiyo ziache kavu.

7. Safisha, kausha, kisha subiri

Alumini usiipige grenda wala msasa mkali. Utaikwaruza, na vumbi lake linaua beringi. Kwangua kwa kipande cha plastiki au mbao, futa kwa kisafisha breki, na hakikisha matundu ya bolti hayana oili wala maji, kwani bolti ikikazwa juu ya kimiminika inaweza kupasua bloku.

Ukishapaka silikoni, usipige soga. Miongozo ya Toyota hutaka kifuniko kikae mahali pake ndani ya dakika 3, kisha oili isimiminwe mpaka zipite angalau saa 2. Silikoni inaganda kwa kunywa unyevu wa hewa, kwa hiyo Tanga itawahi kuliko Dodoma ya kiangazi. Tyubu nyingi zinataka saa 24 ili igande hadi ndani. Basi kama unaihitaji gari Jumatatu asubuhi, mwambie fundi sampu ifungwe Jumamosi, na uwepo uone ule mstari kabla hajakaza bolti ya kwanza.