Ramani ya Mbao na Ziwa Lisilokuwako

Mwezi huu twataka kunena habari za ramani ya mbao, yaani ramani ya ulimwengu iliyobandikwa juu ya ubao na kukatwa vipande, watoto wapate kuviunga tena. Asili yake ni darasani. Huko London, katika miaka ya 1760, mchora ramani aitwaye John Spilsbury alibandika ramani juu ya mbao nyembamba, akazikata kwa kufuata mipaka ya nchi, ili watoto wajifunze jiografia kwa mikono yao.

Mwalimu atakaye kuitumia na ajue kwanza ya kuwa vipande vyaweza kuungwa vibaya hata na watu wenye akili. Habari hiyo tunayo katika nchi zetu wenyewe.

Johannes Rebmann, mzaliwa wa Gerlingen katika Württemberg, aliiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Sisi wa Makumira twaitazama upande wa mashariki kunapokuwa kweupe, ingawa siku hizi imepungua sana, wala hatuoni ajabu. Lakini wataalamu wa Ulaya walibisha, na Bwana Desborough Cooley wa London, ambaye hakukanyaga Afrika kamwe, alikana kabisa.

Baadaye mwenzake, Jakob Erhardt, alikaa Tanga miezi kadhaa katika mwaka wa 1854, akawauliza watu wa misafara habari za bara. Huyu alisema njia yake yafika ziwani; wa njia nyingine naye, ziwani; na wa tatu vivyo hivyo. Basi Erhardt akawaza: ikiwa wote wafika ziwani, ziwa ni moja. Ramani yake na Rebmann, iliyotangazwa huko Ulaya mwaka wa 1856, ilionyesha bahari moja kubwa mno katikati ya Afrika, umbo lake kama konokono asiye na kombe. Mwaka wa 1858 Burton na Speke wakafika Tanganyika, kisha Speke peke yake akafika Nyanza. Na Livingstone akafika Nyasa mwaka wa 1859. Maziwa yalikuwa matatu.

Wasafiri wale hawakusema uongo. Kila mmoja alileta kipande cha kweli. Rebmann naye, juu ya theluji, alisema aliloliona. Juu ya ziwa walisema walilolikisia. Hata hivyo tusiwadharau, maana ramani ile ilikuwa mojawapo ya sababu za kupelekwa Burton na Speke. Lakini sisi twampenda zaidi Mfaransa d'Anville, ambaye katika ramani yake ya Afrika ya mwaka wa 1749 aliacha peupe sehemu kubwa ya bara asiyoijua. Mwinjilisti akiulizwa na watoto jina la mke wa Kaini, naye aache pale peupe.

Mkitengeneza ramani yenu, tafuteni ubao mwembamba usiopasuka, na gundi ikauke kabisa kabla ya kukata. Mpaka wetu na Kenya, upitao kando ya Kilimanjaro, watoto waambiwe ulipatanwa na Wajerumani na Waingereza mwaka wa 1886, na Wamasai wako pande zote mbili. Wasije wakadhani Mungu ndiye aliyeupitisha msumeno. Kwa somo la Matendo ya Mitume, kateni ramani ya pili: mtoto aanze na Yerusalemu, kisha Antiokia, Efeso, Korintho, mpaka Rumi. Vipande vihesabiwe kabla ya darasa kufungwa, kwa kuwa vidogo hupotea chini ya mabenchi.