Kila Nsinga Iandikwe



Ndani ya gari kubwa la mgodi nsinga za umeme zimefungwa pamoja kama kuni. Ukikata moja bila kujua inakwenda wapi, honi ama taa inakufa, na mwenzako ndiye ataumia.

Plani ya mkono inachakaa, na kuigeuza ni kazi ndefu. Leo kuna programu ya bure, WireViz. Huchori, unaandika tu:

1. Fishi: jina lake na hesabu ya matundu yake.
2. Fungu la nsinga: unene, urefu, na rangi za nsinga (BK nyeusi, RD nyekundu, BU buluu).
3. Maungano: kutoka tundu gani, kwa nsinga gani, mpaka tundu gani.

Ordinatere yenyewe inachora plani na kutoa orodha ya vyombo vinavyohitajika.

Lakini angalia! Programu inachora ulichoandika, hata kikiwa uongo. Basi zima mashini, kata umeme wa bateri, funga kwa kufuli yako, hakikisha umeme umekwisha. Kisha fuata kila nsinga kwa chombo cha kupimia, ndipo uandike.

Ukigeuza nsinga leo, geuza maandishi leo. Mwenzako wa zamu ya usiku ataamini karatasi yako.