Mechi za kirafiki zipangwe mapema

Swali: Timu ya chuo chetu hapa Momela hupata mechi za kirafiki kwa kubahatisha tu. Tupangeje wapinzani wa msimu ujao?

Jibu: Kocha, chukua kwanza ratiba ya mashindano ya vyuo na ya mitihani, ndipo ujaze wikiendi zilizobaki. Masika, Machi hadi Mei, msiahidi kitu. Viwanja vya chini ya Mlima Meru hujaa tope.

Makubaliano ya simu hayatoshi. Andikianeni barua yenye tarehe, kiwanja, waamuzi na, zaidi ya yote, nani analipia Coaster ya wageni, tuseme kutoka Tengeru hadi kwenu. Mechi nyingi huvunjikia hapo. Mimi napendelea nyumbani na ugenini: mwaka huu waje, mwakani mwende, kila timu igharamie safari yake.

Mpinzani awe anawazidi kidogo, ila asiwe mtakayekutana naye karibuni kwenye mashindano. Kwa mfano, Agosti 2023 Simba iliialika Power Dynamos ya Zambia kwenye tamasha lake la Simba Day, ikashinda 2-0. Septemba zikakutana Ndola, Ligi ya Mabingwa Afrika, zikatoka 2-2. Wazambia walikuwa wameshaisoma Simba dakika tisini nzima.