Somo la Familia: Kumheshimu Mzazi Aliye Kwenye Dawa za Kansa

Maandiko ya kusoma: Kutoka 20:12, Marko 7:9-13



Katika Marko 7 Bwana Yesu anawakemea watu waliokuwa na desturi mbaya. Mzazi akiwa na shida, mtoto alimjibu kwamba kile ambacho kingemsaidia kimekwisha wekwa wakfu kwa Mungu. Waliita Korbani. Neno lilikuwa la ibada, lakini mzazi alibaki na shida yake. Nimeifundisha sura hiyo mara nyingi bila kudhani kwamba inanihusu mimi.

Baba yangu alipasuliwa kansa ya kongosho. Kongosho kiko nyuma ya tumbo la chakula. Hutoa maji ya kuyeyusha chakula, tena hutoa insulini inayotawala sukari katika damu. Madaktari walitoa kichwa cha kongosho, kifuko cha nyongo na sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Alipopata nguvu kidogo wakamwanzishia kemotherapi, yaani dawa za kuua chembe za kansa zilizobaki bila kuonekana. Alidungwa mara moja kwa wiki kwa wiki 3, akapumzika wiki 1, kisha wakaanza tena. Mpango mzima ulikuwa miezi 6.

Majirani walituuliza: ikiwa kansa imekatwa, dawa za nini tena? Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2004 unatoa jibu. Kati ya wagonjwa 100 waliopasuliwa na kupewa kemotherapi, 21 hivi walikuwa hai baada ya miaka 5. Kati ya wale wasiopewa, walikuwa 8. Tangu hapo zimepatikana dawa zenye nguvu zaidi. Hata hivyo familia isiahidiwe kupona kwa hakika.

Sasa niwaeleze kosa langu. Jumamosi moja usiku, katika wiki ya mapumziko, baba alipata homa. Huku kwetu homa ni malaria, ndivyo tulivyozoea. Nikanunua dawa ya malaria dukani, nikampa na panadol. Ndugu wa kikundi wakaja kuomba, nao walifanya vema. Mama akaninong'oneza: "Mwanangu, dokta alisema homa ikija tusingoje." Nikamjibu: "Mama, tuko katika maombi. Tungoje kuche."

Hiyo ndiyo Korbani yangu.

Alfajiri baba alikuwa anatetemeka, hawezi kusimama. Muuguzi wa zahanati aliuliza swali moja tu: "Alidungwa dawa ya kansa lini?" Tukapelekwa Mbarara mchana huo. Alilazwa siku 9 akipewa antibayotiki kwenye mshipa. Tuliporudi nyumbani nilimpigia magoti kuomba msamaha. Baba alicheka, akaniambia nimletee maji ya kunywa.

Sikieni sababu yake. Dawa hizi huua kansa, lakini pia hupunguza chembe nyeupe za damu, zile askari wa mwili. Mara nyingi hupungua sana kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kudungwa. Wakati huo maambukizi madogo yanaweza kuua kwa saa chache. Kwa hiyo kipimajoto kikionyesha 38, au mgonjwa akitetemeka kwa baridi, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Panadol isitangulie, maana hushusha homa na kuficha hatari. Malaria ipimwe huko huko. Ombeni mkiwa njiani. Mungu husikia hata juu ya bodaboda.

Kwa sababu hiyo hiyo damu hupimwa kabla ya kudungwa. Mara mbili tulisafiri, tukaambiwa damu haijatosha, turudi wiki ijayo. Inauma, hasa mkiwa mmekopa nauli. Lakini anayewarudisha hivyo anamlinda mzazi wenu.

Chakula kilitushinda mwanzoni. Mama alijaza sahani ya ugali na sombe, baba akalia kwa kuona tu. Tukajifunza kumpa kidogo kidogo, mara 6 kwa siku: uji wenye unga wa karanga, yai lililoiva kabisa, ndagala zilizosagwa. Tulipikia mbali naye kwa sababu ya harufu. Maji yalichemshwa. Kinyesi kikiwa cha mafuta, kinaelea na kunuka sana, mwambieni dokta: chakula hakiyeyuki, na kuna vidonge vya vimeng'enya vinavyomezwa pamoja na kila mlo. Kiu nyingi na kukojoa mara kwa mara, apimwe sukari. Dawa za miti zisitumiwe kwa siri. Nyingine hugombana na zile za hospitali.

Kaka yangu aliye Australia, ambaye ndiye aliyetuma fedha nyingi, alitaka baba asiambiwe jina la ugonjwa. Baba alikuwa analijua tangu siku ya kwanza. Alikuwa ananyamaza ili asituumize sisi! Baada ya mzunguko wa 5 kati ya 6 alisema inatosha, mwili umechoka. Kaka alikasirika kwenye simu. Baba akamwambia: "Nimewazaa, hamkunizaa. Nimemsikia dokta, nimeamua." Tulimtii. Alilala katika Bwana mwaka uliofuata, nyumbani, mama akiwa amemshika mkono.

Jumatano katika vikundi tuulizane: ni nani kati yetu anayeuguza mzazi, na nani atamchotea maji na kumpangia foleni ya posho wiki hii? Mwenye mafua asiingie kwa mgonjwa, asalimie mlangoni.

Kipimajoto cha baba kipo kwa mama kiongozi wa kikundi cha wanawake. Mwenye mgonjwa aende achukue, hata usiku.