Paukwa ya Kamera: Kuyadurusu Majitu ya Ray Harryhausen

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii huthibitika kila wanafunzi wa fasihi wanapoonyeshwa filamu kongwe za fantasia. Jitu likianza kutembea kwa kushtukashtuka, darasa huangua kicheko, na baada ya kicheko hutolewa hukumu: huu ni mchezo wa watoto. Makala haya yananuia kuidurusu hukumu hiyo kwa kurejelea kazi za Ray Harryhausen (1920-2013), fundi Mmarekani aliyeyapa uhai majitu ya The 7th Voyage of Sinbad (1958) na Jason and the Argonauts (1963). Hoja yetu ni kwamba ajabu katika sanaa haipimwi kwa jinsi inavyoyahadaa macho, bali kwa kazi inayoifanya katika hadithi.

Mbinu na kasoro zake

Harryhausen alikuwa na umri wa miaka 13 alipoitazama King Kong mwaka wa 1933. Baadaye alifanya kazi chini ya Willis O'Brien, bingwa aliyemhuisha sokwe huyo, katika Mighty Joe Young (1949). Mbinu aliyoirithi ni sahili kuieleza, ngumu kuitenda. Kikaragosi huundwa kwa kiunzi cha chuma chenye viungo vinavyokunjika, kisha huvishwa mwili wa mpira. Fundi hukisogeza kidogo mno, hupiga picha moja, hukisogeza tena. Sekunde moja ya filamu huhitaji picha 24. Si ajabu basi kwamba pambano la watu watatu na mifupa saba katika Jason and the Argonauts lilimchukua zaidi ya miezi minne, ilhali mtazamaji hulimaliza kwa dakika chache.

Kasoro zipo, na hatuna budi kuzikiri. Waigizaji walipigwa picha kwanza, kisha picha hizo zikaonyeshwa kwenye skrini nyuma ya kikaragosi na kupigwa upya. Kwa sababu hiyo mandhari hupoteza ung'avu. Fauka ya hayo, kikaragosi hunaswa kikiwa kimetulia tuli. Mwendo wake hukosa ule ukungu mwepesi ambao kamera hunasa kitu kiendapo kasi. Hapo ndipo kicheko cha darasa huanzia.

Talos: mwiko na huruma

Hata hivyo, tulitazame jitu la shaba liitwalo Talos katika filamu hiyo ya 1963. Mabaharia wameonywa wasichukue chochote kisiwani ila chakula na maji. Hercules anaingia katika hazina na kutoka na pini kubwa ya dhahabu. Papo hapo sanamu iliyodhaniwa kuwa mfu inageuza kichwa. Mwanafunzi wa ngano atautambua muundo huu mara moja: mwiko umewekwa, umevunjwa, na adhabu inafuata. Tena adhabu haichagui. Aliyeiba ni Hercules, anayefia chini ya jitu ni kijana Hylas.

Ugumu wa mwendo, ambao kwingineko ni kasoro, hapa umegeuzwa kuwa maana. Talos ni shaba, na shaba haiwezi kutembea kama nyama. Jason anapokifungua kizibo kisiginoni na uhai wa jitu kumwagika, Talos analishika koo lake mithili ya mtu anayekosa pumzi. Adui asiye na neno hata moja anatutia huruma. Huo ni usawiri wa mhusika hasa, wala si kiini macho.

Fanani na hadhira

Fanani anapoita "Paukwa!" na hadhira ikaitika "Pakawa!", hakuna aliyesadiki kwamba zimwi lipo nyuma ya nyumba. Waliopo wamekubaliana kuliona. Fanani huikwaruza sauti, huchechemea hatua mbili, na hadhira hukamilisha yaliyosalia. Filamu hizi nazo hudai mwitiko huohuo.

Hatusemi kwamba tarakilishi ni adui wa sanaa. Jurassic Park (1993) ilidhihirisha uwezo wake, na Clash of the Titans, filamu ya mwisho ya Harryhausen (1981), iliundwa upya kwa msaada wake mwaka wa 2010. Tunachosema ni kwamba chombo kipya hakimwondolei msanii jukumu la kale: kumpa jitu sababu ya kuwepo.

Hitimisho

Suala hili linatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili kuliko tunavyodhani. Anayelicheka jitu kwa kuwa linashtukashtuka ndiye atakayetumwa kesho nyanjani kukusanya ngano. Atakapoketi mbele ya bibi mwenye sauti iliyochoka na mikono miwili tu ya kuigizia, atasikia nini? Akizoea kuipima ajabu kwa macho pekee, atarudi na kanda iliyojaa maneno, lakini ngano yenyewe ataiacha kulekule. Tujifunze kwanza kuitika "Pakawa", ndipo tuhakiki.