Taka Zinazooza Hazingoji Sikukuu

Tarehe 25 na 26 Desemba ni sikukuu za umma, na Mwaka Mpya hufuata siku chache baadaye. Nyumba ambayo zamu yake ya kuzolewa taka inaangukia siku hizo inaweza kukaa siku nne au tano bila lori wala mkokoteni kupita. Ni siku hizohizo ambapo kuku wanachinjwa, mbuzi anapasuliwa, nazi zinakunwa kwa ajili ya wageni na maembe ya msimu yanaliwa kwa ndoo. Tarehe 26 asubuhi pipa limefurika. Ifikapo jioni, kuna mtu mtaani ameshawasha kiberiti.

Wakazi wengi wa Mombasa hulilaumu lori. Wana haki ya kuuliza, kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka uzoaji wa taka mikononi mwa serikali za kaunti. Hata hivyo, kuchelewa kwa lori ni nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili hutokea jikoni, pale mchuzi uliobaki unapomwagwa juu ya katoni kavu, na maganda ya viazi yanapotupwa pamoja na chupa za plastiki.

Katoni, chupa, kopo na gazeti vikiwa vikavu vinaweza kukaa mwezi mzima kwenye kona ya baraza bila kumdhuru mtu. Matumbo ya kuku hayamalizi siku mbili kabla ya kunuka. Vikichanganywa, vyote vinakuwa na tabia ya matumbo ya kuku: katoni inalowa na haina tena mnunuzi, chupa inanuka, na mfuko mzima unageuka uozo usiotamanika kushikwa. Katika miji ya Kenya zaidi ya nusu ya taka za nyumbani ni za aina hii inayooza. Kwa hiyo nyumba ikizitenga hizo tu, sehemu iliyobaki inaweza kulisubiri lori bila fujo.

Sababu ya kuharakisha ni nzi. Nzi wa nyumbani hutaga mayai kwenye taka zenye unyevu, na katika joto la pwani mayai huanguliwa ndani ya siku moja hivi. Funza hula kwa siku kadhaa, kisha hutambaa kutafuta mahali pakavu pa kukomaa. Kutoka yai hadi nzi anayeruka ni kama siku 7 hadi 10. Mayai yaliyotagwa mkesha wa Krismasi, basi, ndiyo nzi wa Mwaka Mpya, wanaotoka pipani kwenda kutua kwenye sahani ya mtoto na vijidudu vya kuhara miguuni. Hii ndiyo maana zamu ya uzoaji haitakiwi kupita wiki moja, na ndiyo maana taka za siku hizi chache zinahitaji uangalizi kuliko za mwezi wa kawaida.

Kutenganisha taka si hiari tena. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inaitaka kila nyumba itenge taka zinazooza na zisizooza. Vifaa havina gharama: ndoo moja yenye kifuniko kwa zinazooza, gunia moja kwa zilizo kavu. Kifuniko ni muhimu kuliko ndoo yenyewe. Pale pasipo na kifuniko, kunguru wa Mombasa hufika kabla ya nzi, na kila mkazi anajua jinsi ndege hao wanavyopasua mfuko na kutawanya yaliyomo hadi mlangoni pa jirani.

Maji ndiyo yanayoharakisha uozo, kwa hiyo mabaki ya wali na mchuzi huchujwa kwanza. Chini ya ndoo hutandazwa gazeti kuukuu, na kila safu ya taka hufunikwa kwa konzi ya majivu, vumbi la mbao au udongo mkavu. Ndoo hukaa kivulini. Manyoya na matumbo ya kuku hufungwa kwenye gazeti peke yake. Mwenye friza anaweza kuyaweka humo, yamefungwa vizuri, hadi asubuhi ya lori. Wengine wataona kinyaa, lakini matumbo yaliyoganda hayanuki wala hayatagiwi mayai.

Mwenye kiwanja, hata kidogo, ana nafuu zaidi. Maganda ya maembe, ya ndizi na ya viazi, machicha ya nazi na mabaki ya mboga huingia shimoni na kufunikwa kwa udongo kila jioni, na baada ya miezi michache huwa mbolea ya mchicha na mpapai. Nyama, mifupa na mafuta visiingizwe humo, kwani mbwa na panya watalichimbua shimo usiku huohuo. Vifuu na makumbi ya nazi huoza polepole mno, hivyo ni afadhali vikauke viwe kuni.

Gunia la taka kavu lina faida yake. Chupa za soda za kioo zilizolipiwa amana hurudishwa dukani. Chupa za plastiki hupondwa, zikafungwa kizibo ili zisijae tena hewa, na wanunuzi huzichukua kwa kilo pamoja na makopo na vyuma. Katoni inayokubalika ni ile kavu. Iliyolowa mafuta ya keki au chipsi haifai. Karatasi za kufungia zawadi hupimwa kwa mkono: ikikunjwa ikabaki imekunjika ni karatasi, ikijikunjua yenyewe ina plastiki ndani na haiwezi kuuzwa na karatasi nyingine. Betri za vitu vya kuchezea ziwekwe kando kwenye kopo, zisichomwe wala zisiingie shimo la mbolea. Kuhusu nepi, kinyesi kwanza humwagwa chooni, kisha nepi hufungwa na kuingia kwenye taka za kutupwa.

Kiberiti hakimalizi taka. Plastiki ikichomwa kwenye moto mdogo wa uani haiungui ikaisha. Hutoa moshi wenye sumu unaokaa usawa wa pua za watoto, na mwenye pumu ndani ya nyumba ya jirani hana pa kukimbilia. Makopo ya dawa ya mbu na marashi hulipuka motoni. Mtaro nao si jibu. Mfuko mmoja uliokwama kwenye kalavati unatosha kurudisha maji ya mvua ya usiku mmoja hadi vyumbani, na yale ya chooni huja pamoja nayo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, lakini ya wakati wa zamani bado huonekana mitaroni, jambo linaloonyesha jinsi isivyooza.

Kwenye ploti zenye pipa moja la wapangaji wote, kazi ni ngumu zaidi, maana mpangaji mmoja asiyejali huharibu ya wengine kumi. Huko makubaliano hufanywa kabla ya tarehe 24: nani anatunza ufunguo wa chumba cha taka, ndoo ya mabaki inakaa wapi, na mkokoteni ukikosa kupita nani anampigia mzoaji. Siku za zamu zilizobadilika huulizwa mapema kwa mzoaji mwenyewe, mzee wa mtaa au ofisi ya msimamizi wa wadi.

Wanaosafiri kwenda bara kwa wiki mbili waondoke na pipa tupu, hata ikibidi kumwomba jirani anayebaki alitoe siku ya zamu. Taka zilizotengwa hutolewa asubuhi ya zamu, si usiku wa kuamkia siku hiyo. Glasi na sahani zilizovunjika hufungwa kwenye magazeti, zikatiwa ndani ya katoni, na mzoaji akaambiwa kwa mdomo ipi ni hiyo, kwa sababu wengi wao hubeba bila glovu.