Haki ya Mtoto Anyonyaye

Jua, ewe ndugu yangu, ya kuwa aya ya 233 ya Suratul Baqara imetaja miaka 2 kamili ya kunyonyesha kwa atakaye kuitimiza, na papo hapo ikamwekea baba wajibu wa kumlisha mama na kumvika. Sehemu ya mama twaikariri sana. Ya baba twaipita mbio!

Dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano, wako wayamwagao wakidhani ni uchafu, kumbe ndani yake mna kinga ya maradhi. Baba asiridhie jambo hilo.

Na mzazi alaye mkate mkavu kwa chai, hali mumewe yuko mkahawani akila samaki, maziwa yake yatoka katika nyama na mifupa yake mwenyewe.